Mwacheni Aang Azeeke

Ipo lawama inayorudiwa tangu mwaka 2013, nayo ni kwamba watungaji wa The Legend of Korra walimvunjia Aang heshima yake. Shujaa huyo wa katuni, wasema walalamikaji, aliachwa mwaka 2008 akiwa mvulana mpole aliyekomesha vita vya miaka 100 bila ya kumwua adui yake mkubwa. Akarudishwa miaka michache baadaye akiwa marehemu, na tena baba aliyempendelea mtoto mmoja na kuwasahau wawili. Lawama hii imeshika mizizi hata imekuwa kama hukumu isiyokatiwa rufaa. Rufaa na ikatwe leo. Watungaji wale walimpa Aang heshima kubwa kuliko zote ambazo fasihi inaweza kumpa shujaa: walimruhusu akue, akosee, afe, na aache deni nyuma yake. Wanaomvunjia heshima ni wale wanaotaka abakie na umri wa miaka 12 daima dawamu.

Kwa msomaji asiyeijua kazi yenyewe, maelezo mafupi yatatosha. Avatar: The Last Airbender ilitungwa na Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko, ikaonyeshwa na televisheni ya Nickelodeon ya Marekani kuanzia Februari 2005 hadi Julai 2008, sehemu 61 kwa jumla. Dunia yake imegawika mataifa manne, la Maji, la Ardhi, la Moto na la Hewa, na katika kila taifa wamo watu wenye kipawa cha kuamrisha maji, ardhi, moto au hewa kwa miondoko ya miili yao. Mtu mmoja tu katika kila zama huviamrisha vyote vinne, naye ndiye Avatar. Akifa, roho yake huzaliwa upya katika taifa jingine. Aang alizaliwa miongoni mwa Wahamaji wa Hewa, watawa walioishi katika mahekalu ya milimani. Alipoambiwa kwamba yeye ndiye Avatar aliukimbia mzigo huo, dhoruba ikamtosa baharini, na nguvu zake mwenyewe zikamhifadhi ndani ya barafu kwa miaka 100. Alipozinduka alikuta watu wake wote wamekwisha kuuawa na Taifa la Moto. Mwishoni mwa hadithi alimshinda Ozai, mtawala wa taifa hilo, na badala ya kumwua akamwondolea kipawa chake cha moto.

Hadithi ya mtoto inaishia hapo, na wengi wangependa kitabu kifungwe hapo hapo. Lakini mtu aliyeshinda vita akiwa na umri wa miaka 12 ana maisha marefu mbele yake, na kuyaacha maisha hayo bila ya kusimuliwa ni kuikwepa kazi iliyo ngumu. Kupigana kuna mwisho wake. Kujenga, kulea na kurithisha hakuna. Mwaka 2012 kazi hiyo ngumu ilianza kwa njia mbili. Kilitoka kitabu cha michoro kiitwacho The Promise, kilichoandikwa na Gene Luen Yang na kuchorwa na Gurihiru, kikiendelea pale tamthilia ilipokomea. Na mwezi Aprili wa mwaka huo Nickelodeon ikaanza kuonyesha The Legend of Korra, tamthilia ya sehemu 52 iliyokwisha Desemba 2014. Matukio yake ni ya miaka 70 hivi baada ya vita. Aang amekwisha kufa akiwa na umri wa miaka 66, ukiacha ile 100 ya barafuni iliyomla nguvu zake, na roho yake imezaliwa upya katika Korra, msichana wa Kabila la Maji la Kusini.

Ni vyema kuanza na The Promise, kwani humo ndimo Aang anapokosea kwa mara ya kwanza baada ya ushindi, na kosa lenyewe linafunua mengi. Vita vimekwisha, na makoloni ya Taifa la Moto ndani ya Ufalme wa Ardhi yanatakiwa yavunjwe, kila mtu arejee kwao. Aang anaunga mkono. Anayoisema ni hoja ya mtu aliyefiwa na taifa zima: kila umma na ukae mahali pake, ili mizani ya dunia isipotoke tena. Walakin mji wa Yu Dao, koloni la kale kuliko yote, umekwisha kupita karne moja. Humo watu wameoana na kuzaliana. Humo yumo msichana ambaye baba yake ni wa Moto na mama yake ni wa Ardhi, mwenye kipawa cha ardhi mikononi na uraia wa Moto moyoni. Arejeshwe wapi? Aang anakaribia kupigana na Zuko, rafiki yake na mtawala mpya wa Moto, kabla ya kutambua kwamba yeye mwenyewe, aliyempenda Katara wa Kabila la Maji, ni mkaazi wa Yu Dao bila ya kujijua. Mwishowe anakata mawasiliano na Roku, Avatar aliyemtangulia, ambaye nasaha zake zilimwelekeza kwenye kumwaga damu. Kutokana na mgogoro huo lilizaliwa Jiji la Jamhuri, makao makuu ya taifa la tano lililoasisiwa na Aang na Zuko, ambamo watu wa mataifa yote wangeishi mtaa mmoja.

Ajabu ni kwamba walalamikaji hawana neno juu ya kosa hili. Kosa la kisiasa husameheka, maana laonekana kubwa na la kishujaa. Kosa la nyumbani ndilo lisilosameheka kwao. Lakini ni kosa lile lile. Mtu aliyetaka kila umma ukae mahali pake hakuacha fikra hiyo mlangoni alipoingia nyumbani kwake.

Aang alimwoa Katara, aliyemtoa barafuni, wakajaaliwa watoto watatu. Bumi, kifungua mimba, alizaliwa bila ya kipawa chochote. Kya, binti yao, akarithi maji ya mama yake. Tenzin, kitinda mimba, akarithi hewa. Katika msimu wa pili wa The Legend of Korra, ulioonyeshwa mwaka 2013, ndugu hao wamekwisha kuwa watu wazima, nao wanakutana katika Hekalu la Hewa la Kusini. Tenzin anasimulia safari tamu alizosafiri na baba yao. Kya na Bumi wanamkumbusha kwamba wao hawakuchukuliwa. Wanagenzi wa hekalu, yaani wale waliojitolea kujifunza mila za Wahamaji wa Hewa, wanashangaa kusikia kwamba Aang alikuwa na watoto wengine. Na Bumi, kamanda mstaafu anayechekesha kila kikao, anasimama peke yake mbele ya sanamu la baba yake na kulitaka radhi kwa kuwa hakuzaliwa na hewa.

Hapo ndipo kelele zinapopigwa. Aang hangeweza, wasema. Mtoto aliyemfariji kila mnyonge njiani hangeweza kumtia unyonge mwanawe mwenyewe. Hoja hii inavutia mpaka ipimwe. Mtoto huyo ni yule yule aliyeingia katika hekalu lake la zamani akayakuta mafupa ya Gyatso, mlezi na mwalimu wake. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa taifa zima. Michezo ya watoto wa Hewa, mapishi yao, sala zao, namna ya kuita nyati arukaye, jina la upepo wa asubuhi na la upepo wa jioni: yote haya yalibakia katika kichwa cha mtu mmoja. Maktaba nzima ilibakia na msomaji mmoja, na msomaji huyo alijua kwamba siku moja atakufa. Kisha akazaliwa Tenzin. Nani angetazamia kwamba baba huyo angegawa saa zake kwa mizani sawa? Mwacha asili ni mtumwa, wasema wahenga. Lakini wahenga hawakutaja bei anayoilipa asiyeiacha, wala ni nani anayemlipia. Katika nyumba ya Aang waliolipa ni Bumi na Kya.

Kwa hiyo tabia aliyopewa Aang haipingani na ile ya utotoni. Inatoka humo humo. Uaminifu wake kwa wafu ndio uliomfanya mzito kwa walio hai, na wema huo mmoja ndio uliozaa sifa yake na lawama yake. Mtungaji asiye na uwezo angempa kosa la kutoka nje, pombe au tamaa ya mali. Hawa walilichota kosa lake katika kisima cha fadhila zake, na huko ndiko makosa ya watu wakubwa hutoka. Wala hawakumwacha Tenzin salama kwa kuwa ndiye mpendwa. Aliyepewa saa zote za baba amepewa pia mzigo wote wa baba, na anakwenda uzeeni akijihukumu kwa kutokuwa Aang. Mpaka anapopotea katika ulimwengu wa roho mwaka huo wa 2013, na kuiona taswira ya baba yake ikimzindua aache kujivika nafsi isiyo yake, ndipo anapoanza kuwa Tenzin. Watoto wawili walinyimwa kivuli, wa tatu akafunikwa nacho. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na aliyeokoa dunia hakupata msamaha wa sheria hiyo.

Wasikilizaji wa tenzi za mwambao hawana haja ya kufundishwa jambo hili. Fumo Liyongo, ambaye majeshi yalimshindwa, hakufa kwa mkono wa jeshi. Alichomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe, aliyehadaiwa kwa ahadi ya ndoa. Masimulizi ya kifo hicho hayakumpunguzia Liyongo hadhi. Ndiyo yaliyomfikisha hadi kwetu. Kama wazee waliokariri kisa hicho wangekata shauri kukomea pale shujaa anapowatoroka walinzi wake, tungerithi mtu hodari tu, na watu hodari ni wengi. Mshairi anayemfuata shujaa mpaka nyumbani kwake, mpaka kwa mtoto wake, anatenda uadilifu ambao mshabiki hauwezi.

Turejee kwa Aang, kwani tamthilia haikuishia kumshitaki. Ilitoa na hukumu, na hukumu yenyewe ni ya busara kuliko mashitaka. Katika The Promise, Aang anakuta mjini Yu Dao kikundi cha wasichana wanaomhusudu, waliojichora michoro ya mshale ambayo ni nishani ya mabingwa wa Hewa peke yao. Anakasirika mno. Anaona kwamba mila ya wafu wake imegeuzwa pambo. Baadaye anatuliza hasira, anawaona wana nia ya kujifunza, na anakubali kuwafunza. Hao ndio chanzo cha wanagenzi waliojaza mahekalu baadaye. Yaani tangu ujanani jawabu lilikuwa mikononi mwake. Alikwisha kuona kwamba asili inaweza kubebwa na asiyezaliwa nayo, muradi ana hamu na mwalimu. Aliwafungulia mlango wageni. Bumi aliyekuwa sebuleni hakuitwa.

Kisha ukaja msimu wa tatu, mwaka 2014. Baada ya milango ya ulimwengu wa roho kufunguliwa, watu wa kawaida katika Ufalme wa Ardhi na kwengineko wanazuka na kipawa cha hewa, watu wasio na tone la damu ya Wahamaji. Taifa ambalo Aang aliogopa kwamba lingekufa na mwanawe mmoja linarejea kupitia wachuuzi, wakulima na wezi. Na miongoni mwa wa kwanza kupata kipawa hicho ni Bumi, yule yule aliyeliomba radhi sanamu. Damu nzito kuliko maji, husemwa. Hapa ilidhihirika kwamba hewa haikujali damu. Hofu iliyomfanya Aang amkumbatie mtoto mmoja kwa nguvu, ilhali wengine wanatazama, ilikuwa hofu ya kitu ambacho hakikuwa kikimtegemea yeye. Hakuna hukumu kali kuliko hiyo, wala yenye huruma kuliko hiyo. Walalamikaji waliofunga macho yao mwaka 2013 hawakuona kwamba mwaka mmoja baadaye jeraha lilitiwa dawa.

Urithi wake mwingine ulitoka katika huruma yake iliyo maarufu kuliko zote. Kule kumwondolea Ozai kipawa badala ya roho yake kulishangiliwa mwaka 2008 kama njia ya tatu kati ya kuua na kushindwa. The Legend of Korra iliuliza swali ambalo washangiliaji hawakuliuliza: njia hiyo huishia wapi? Aang akiwa mtu mzima anamkabili Yakone, jambazi wa Jiji la Jamhuri mwenye uwezo wa kutawala damu za watu ndani ya miili yao. Anamshinda, na kumwondolea kipawa kama alivyomwondolea Ozai. Yakone anatoroka, anakwenda kujificha kaskazini, anaoa, na kuwalea wanawe wawili kwa nia ya kisasi. Mmoja wao anarejea jijini zaidi ya miaka 40 baada ya hukumu ya baba yake, akijiita Amon, amevaa barakoa, akiongoza harakati za watu wasio na vipawa; na silaha yake ni kuwaondolea wengine vipawa vyao. Adhabu ya Aang imegeuzwa silaha ya mtoto wa aliyeadhibiwa. Wafuasi wa Amon wanapoliteka jiji, sanamu kubwa la Aang lililosimama baharini linavalishwa barakoa hiyo.

Je, huko ni kusema kwamba Aang angalimwua Yakone? La hasha. Ni kusema kwamba huruma, sawa na ukali, ina wajukuu. Fauka ya hayo, harakati za Amon zilipata wafuasi kwa sababu malalamiko yao hayakuwa ya uongo. Jiji lililoasisiwa ili mataifa yote yaishi sawa lilitawaliwa na baraza la wenye vipawa, na asiye na kipawa akakaa humo kama Bumi alivyokaa nyumbani kwake. Mwenye kuisoma tamthilia hii kwa makini ataona kwamba nyumba na jiji vilijengwa kwa ramani moja, na vikapata ufa mahali pamoja.

Yule anayetaka Aang asiye na doa, aliyeshika mafunzo ya Wahamaji pasi na kuteleza, na amtazame Zaheer. Zaheer ni adui wa msimu wa tatu, naye alipata kipawa cha hewa ukubwani. Anawajua wahenga wa Hewa kuliko wanagenzi wengi. Anakariri maneno yao. Mafunzo ya kujivua kila kifungo cha dunia, ambayo Aang alishindwa kuyatimiza mwaka 2006 kwa kuwa hakuweza kumwacha Katara, Zaheer anayatimiza: mpenzi wake anapokufa, kifungo chake cha mwisho kinakatika, naye anaruka angani bila ya mbawa. Ni mtu huyo huyo aliyevuta pumzi ya malkia wa Ufalme wa Ardhi kutoka kifuani mwake mpaka akafa. Usafi wa mafunzo bila ya mtu wa kumfunga mtu duniani ulizaa muuaji mtulivu. Aang alikuwa mwanafunzi dhaifu zaidi kuliko Zaheer, na udhaifu huo una jina: Katara, Bumi, Kya, Tenzin. Hata kama aliwapenda vibaya, aliwapenda, na mapenzi hayo mabovu yana uhai ambao utakatifu wa Zaheer hauna.

Lipo jambo jingine lililotendwa mwaka 2013 ambalo wapenzi wa Aang waliliona kuwa ni ukatili. Katika pambano la mwisho la msimu wa pili, uhusiano wa Korra na Avatar wote waliotangulia unakatwa. Hapo awali, mwaka 2012, roho ya Aang ilimjia Korra katika saa ya kukata tamaa na kumrejeshea vipawa vyake. Baada ya 2013 hakuna tena mzee wa kuulizwa. Aang ananyamaza kabisa. Lakini hayo si mauti yenyewe? Bumi hakuwahi kupata fursa ya kumwuliza baba yake kwa nini. Waliofiwa na wazazi wakiwa bado wana neno la kuwaambia wanaijua hali hiyo. Katika majibizano ya washairi, beti ikitupwa hudai jawabu, na aliyekufa kabla ya kujibu humwachia mwenziwe nusu ya shairi mkononi. Watoto wa Aang wana nusu hiyo. Kuikamilisha ni kazi yao, na ndipo urithi unapokuwa kazi ya walio hai.

Haki inataka pia kasoro za kazi hii zitajwe, kwani mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Maisha ya Aang ya utu uzima tunayapata kwa vipande: kesi ya Yakone, masimulizi ya watoto, sanamu, picha. Kya hakupewa nafasi ya kutosha. Uchungu wake unatajwa na kupitwa. Ugomvi wa ndugu watatu unatulizwa haraka kuliko ugomvi wa miaka 50 unavyotulia katika nyumba yoyote. Na Katara, ambaye bado yu hai na ambaye alikuwa mama wa wote watatu, haulizwi aliona nini na kwa nini alinyamaza. Hiyo ndiyo lawama iliyo na uzito. Watungaji walimshitaki Aang bila ya kumwonyesha. Hatukumwona asubuhi moja akimpandisha Tenzin juu ya nyati huku Bumi amesimama uani. Tendo lililoonekana lingekuwa na nguvu kuliko lililohadithiwa. Lakini dawa ya kasoro hiyo ni kusimuliwa zaidi uzee wake, ilhali walalamikaji wanataka usisimuliwe hata kidogo.

Na biashara inawasikiliza wao. Mwaka 2010 M. Night Shyamalan alitengeneza filamu ya waigizaji hai: ni Aang mtoto. Mei 2020 tamthilia ya kwanza ikawekwa Netflix nchini Marekani, ikapata kizazi kipya cha watazamaji: ni Aang mtoto, na hapo angalau ni kazi asilia. Februari 2024 Netflix ikatoa mfululizo wake wa waigizaji hai: kwa mara nyingine, Aang mtoto anatolewa barafuni. Huku, tamthilia iliyothubutu kumwonyesha akiwa baba na marehemu iliondolewa katika ratiba ya televisheni Julai 2014, katikati ya msimu ule ule wa tatu uliomponya Bumi, na sehemu zilizobakia zikapelekwa kwenye intaneti. Msomaji hahitaji kudhani kuna njama. Inatosha kuona mkondo wa maji: mtoto wa miaka 12 huuzika, maana kila kizazi kina watoto wa miaka 12. Mzee aliyekosa ni vigumu kumweka katika kisanduku cha mwanasesere.

Nickelodeon ilitangaza mwaka 2021 kuundwa kwa Avatar Studios, chini ya DiMartino na Konietzko wenyewe, na imetangazwa pia filamu ya katuni inayomhusu Aang akiwa mtu mzima. Tangazo hilo ni la heri, na kipimo cha kazi yoyote itakayomrejea Aang ni chepesi kukitaja. Isipimwe kwa wingi wa mapambano, wala kwa uzuri wa rangi. Ipimwe kwa Bumi. Ikiwa Aang atakayeonyeshwa ni mtu ambaye anaweza kuja kuwa baba wa Bumi, mwenye wema ule na upofu ule, kazi itakuwa ya kweli. Ikiwa atasafishwa ili walalamikaji walale usingizi, basi atakuwa amerudishwa barafuni, na safari hii kwa mikono ya wanaompenda.

Kuna tofauti kati ya sanamu na mzazi. Sanamu halikosei, nalo halina wa kumwomba radhi. Bumi aliliomba radhi sanamu, nalo halikumwomba yeye. Kila jamii iliyoasisiwa na mashujaa ina masanamu yake, na kila jamii hiyo ina akina Bumi wake, waliolipa gharama ya ushujaa bila ya kutajwa katika sifa. Fasihi inayosimama upande wa sanamu haina kazi, kwani sanamu limekwisha kujengwa kwa jiwe na halihitaji mtetezi. Fasihi yenye kazi ni ile inayokwenda kumkalisha chini Bumi na kumwuliza ilikuwaje. Aang alitolewa barafuni mara moja na binti aliyeona kwamba ndani ya barafu mna mtu hai. Wanaompenda kweli na wafanye kama alivyofanya Katara: wapasue barafu, na wamwache azeeke.